Gari la Japani kwenye Barabara ya Bagamoyo

Magari mengi yanayopita Mwenge jijini Dar es Salaam kwenda Bagamoyo huanza safari kwa Kijapani. Dereva akiwasha injini, sauti ya kike humjulisha kwa adabu zote kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Kadi hiyo ni ya kulipia barabara za Japani, haina kazi Tegeta wala Kerege, na kwa kuwa lugha haieleweki na pa kuizimia hapajulikani, sauti imeachwa iseme. Baada ya muda mwenye gari haisikii tena. Hapo hakuna kilichoharibika. Kinachotugharimu ni mambo mengine ambayo gari hilohilo husema, nayo tumeyazoea vilevile: taa ya njano ya ABS isiyozimika, alama nyekundu ya mtu aliyekaa mbele ya duara, mlio wa mkanda ulionyamazishwa kwa kuufunga nyuma ya mgongo.

IST, Vitz, Noah, Harrier, Crown: haya ni magari yaliyolelewa chini ya uangalizi mkali. Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo, uitwao shaken, ni wa gharama kiasi kwamba wengi huona heri wauze kuliko kulipitisha gari tena. Ndiyo sababu mojawapo ya sisi kuyapata kwa bei tunazoyapata. Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa gari lililotumika. Tanzania haikuweka ukomo, inatoza ushuru wa uchakavu, hivyo gari la miaka 15 laweza kushuka bandarini na kuitwa jipya mtaani kwetu. Lina breki za ABS zisizofunga magurudumu, lina mifuko ya hewa, lina mikanda inayojikaza yenyewe ajali inapotokea. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mtu wa kukikagua, na mtu huyo hakupanda meli. Kuanzia getini Bandari ya Dar es Salaam, kazi yake imehamia kwa mwenye gari, na wengi hatukuambiwa.

Tuanze na matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna herufi DOT, na mwishoni mwa mstari huo tarakimu nne. Zikisomeka 2318, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata usipotembea, na jua la pwani huuharakisha. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe likikaribia miaka 6, na kampuni za matairi zenyewe huiweka miaka 10 kuwa mwisho. Kwa hiyo tairi lenye mifereji mirefu linaweza kuwa limekufa zamani. Wapo wanaonunua matairi ya mtumba kwa kutazama mifereji tu, bila kuuliza mwaka. Mifereji nayo ina kipimo: chini kabisa kati yake kuna vinundu vidogo vya mpira, na uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6, yaani umefika kipara kisheria huko lilikotoka.

Kuna tairi jingine la kuogopwa zaidi ya kipara, kwa sababu linapendeza. Magari yanayotoka Hokkaido na kaskazini mwa Japani huja yamevaa matairi ya theluji. Yana neno STUDLESS au mchoro wa chembe ya theluji ndani ya mlima. Mpira wake umetengenezwa laini ili ushike barafu, na juu ya lami ya Mapinga saa saba mchana hulainika zaidi, gari likayumba kwenye kona na kuhitaji umbali mrefu kusimama mvua ikinyesha. Mifereji yake ni mirefu mno, kwa hiyo muuzaji atakuapia kwamba ni jipya.

Upepo wa matairi haujazwi kwa kukisia. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo utaona kibandiko chenye namba kama 220 au 230 kPa. Gawanya kwa 7 utapata psi kwa ukaribu unaotosha: 220 ni kama psi 32. Pima asubuhi tairi likiwa halijatembea, maana likipata moto namba hupanda na kukudanganya. Mafundi wengi wa pancha watakushauri ujaze 40 "kwa sababu barabara zetu mbaya". Ukijaza hivyo tairi hugusa lami kwa sehemu ndogo ya katikati, na breki zako zinategemea sehemu hiyohiyo. Ukijaza kidogo mno, ubavu wa tairi hujikunja na kunyooka mamia ya mara kwa dakika, ukapata joto, na hapo ndipo tairi hupasuka kwenye mbio na gari limejaa watu. Angalia na lile la akiba. Katika magari mengi madogo ni jembamba, lina kibandiko cha njano, linataka 420 kPa na halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Limewekwa likufikishe kwa fundi, halikuwekwa likupeleke Msata na kukurudisha.

Mifuko ya hewa inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo imani yetu ni kubwa na ujuzi ni mdogo. Ukiwasha gari, taa yake, ile ya mtu aliyekaa mbele ya duara, iwake kwa sekunde chache kisha izime. Isipozima, mfumo una hitilafu na huenda usifunguke. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, kwa sababu huenda kuna mtu ameichomoa ili gari liuzike. Mfuko ukifunguka hujaa kwa takriban sehemu ya ishirini ya sekunde, kasi ambayo kwa mtu aliyeuinamia usukani ni pigo tosha. Kaa kifua chako kikiwa mbali na usukani kwa sentimita 25 au zaidi, na ufunge mkanda, kwani mfuko ulipimwa kwa mtu aliyefungwa mkanda. Nguvu kubwa ya kukuokoa bado ni ule utepe alioubuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani unapunguza kwa karibu nusu uwezekano wa kufa kwa aliyekaa mbele.

Kuhusu mifuko hii kuna jambo ambalo mwenye gari wa pwani analihitaji kuliko mwenye gari wa Njombe. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyoziuzia mifuko Toyota, Honda, Nissan, Mazda na nyingine nyingi, ilitumia nitrati ya amonia kama baruti ya kuijaza. Baruti hiyo bila kikausha unyevu huharibika polepole kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Siku ya ajali hulipuka kupita kiasi, ikapasua kopo la chuma lililoibeba na kumrushia dereva vipande. Marekani pekee watu zaidi ya 20 wamekufa hivyo, wengine katika ajali ndogo ambazo wangetoka nazo wakitembea. Magari yaliyoitwa kurekebishwa yalikuwa mengi kuliko katika tukio lolote la namna hiyo, na Takata ikafilisika Juni 2017. Wamarekani walipopanga nani arekebishiwe kwanza, walitanguliza Florida, Hawaii na pwani ya Ghuba ya Meksiko, yaani maeneo yenye joto na unyevu mwaka mzima. Ukishuka Bagamoyo mwezi wa pili shati likakung'ang'ania mgongoni, jua kwamba gari lako liko kwenye kundi hilo. Yaliyohusika zaidi yalitengenezwa kati ya mwanzo wa miaka ya 2000 na katikati ya miaka ya 2010, na barabara hii imejaa ya umri huo.

Cha kufanya kinawezekana. Chukua namba ya chesi kwenye kadi ya gari, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyolitengeneza au mpelekee wakala wake aliyeidhinishwa, uulize kama kuna wito wa marekebisho ambao haukutekelezwa. Usimpe fundi wa chini ya mwembe auchomoe mfuko kwa bisibisi. Humo ndani ni baruti.

Kisha tazama viti. Mifuko ya ubavuni hutokea kwenye kiti chenyewe, mahali palipoandikwa SRS AIRBAG kwenye kitambaa kidogo cha pembeni. Sisi tukinunua gari jambo la kwanza ni kulishonea makava, ngozi nene yenye uzi wa nguvu kuzunguka kiti kizima, na mfuko ukafungiwa ndani ya gunia. Katika Noah na Alphard makava hayo huzika pia vifungio vya mikanda ya nyuma. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda hurushwa mbele na kumponda aliyefunga, hivyo anayedhani mkanda ni hiari yake asikae nyuma ya mtu mwingine. Mtoto akipakatwa kiti cha mbele yuko mahali pabaya kuliko pote ndani ya gari. Kwenye mgongano wa kilomita 50 kwa saa mtoto wa kilo 10 huvuta mikononi kwa uzito unaozidi kilo 100, na hakuna mama mwenye mikono hiyo. Mahali pake ni nyuma, kwenye kiti cha mtoto kilichofungwa kwa mkanda, na kile cha mtoto mchanga anayetazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa.

Breki nitazipitia upesi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na pwani hewa haikosi unyevu. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwa nyuzi 205, ikishanyonya maji hushuka hadi karibu 140. Kwenye tambarare ya Bagamoyo hutaichemsha kwa urahisi, ila maji hayo hula chuma kwa ndani, na siku utakapoteremka milima ya Lushoto ndipo utalipa deni. Badilisha kila miaka 2. Kuhusu ABS, wapo madereva wazee waliofundishwa kuibonyeza breki mara kwa mara ili magurudumu yasikamate. Gari la sasa hufanya hivyo lenyewe, mara nyingi zaidi kwa sekunde moja kuliko mguu wowote. Kanyaga kwa nguvu, usiachie, kanyagio litatetemeka na kunguruma, wewe endelea kuelekeza usukani. Wengi wakihisi mtetemo huo huachia wakidhani wamevunja kitu.

Sasa tuondoke. Kutoka Mwenge hadi Tegeta barabara ilipanuliwa kuwa njia nne kwa msaada wa Japani, kilomita 12.9, ikazinduliwa mwaka 2014, hivyo kwa muda fulani unaendesha gari la Kijapani juu ya lami ya fedha za Kijapani. Miaka ya karibuni ukaja na ujenzi wa njia za mabasi yaendayo haraka, na aliyezoea mahali pa kugeuzia gari jana asiwe na hakika napo leo. Hatari ya pekee ya njia nne iko kwenye zebra. Gari la njia ya kushoto linasimama kumpisha mtu, wewe uko njia ya kulia, unaona foleni imekupisha wewe. Mtu anatokea mbele ya gari lililosimama akiwa hatua moja kutoka kwenye boneti yako. Gari la jirani likipunguza mwendo kabla ya zebra, amini kuna mtu usiyemwona, hata kama bodaboda nyuma yako anapiga honi. Daladala kituoni ni hivyohivyo: abiria akishuka hupitia nyuma yake kuvuka, na wa kwanza kutokea huwa ni mwanafunzi.

Ukipita Boko na Bunju unavuka Mto Mpiji na kuingia Mkoa wa Pwani. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Zamani ungeweza kusema hapa kijiji kimeisha na pori limeanza. Leo viwanja vimepimwa, fremu za maduka zimejipanga, na makazi yameungana hata vibao vya 50 vinaonekana kama mapambo yaliyosahauliwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka 50 kwenye makazi, na 80 kwa mabasi na magari yanayozidi kilo 3,500. Dereva wa barabara hii anaijua 50 kwa njia nyingine: anayekuja mbele akipiga fulu mara mbili, kuna tochi ya kupimia mwendo. Anashuka hadi 48, anapita kwa unyenyekevu mbele ya trafiki, na mita 300 mbele amesharudi 90. Tochi imetufundisha kuogopa faini ya shilingi 30,000. Haikutufundisha kwa nini namba ni 50.

Hesabu yake si ngumu. Mtu aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ukanyage breki. Katika sekunde hiyo gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda mita 14 bila kupungua chochote, kisha kwa breki nzuri na lami kavu linahitaji mita nyingine 14. Jumla 28. Kwa 60 jumla ni kama 36. Unaona tofauti ni mita nane, urefu wa magari mawili madogo. Lakini muweke mtoto kwenye mita ya 28: wa 50 amesimama mbele yake, wa 60 anafika pale akiwa bado na kilomita 40 kwa saa. Panda hadi 80 na 100. Wa 80 husimama kwenye mita 57 hivi. Wa 100, akiwa ameona hatari ileile papo hapo, anafika kwenye mita hiyo ya 57 bado ana karibu kilomita 68 kwa saa. Hesabu hizi ni za matairi mazima. Hayo ya theluji na ya mwaka 2009 hayamo.

Wala mwili hautakuambia. Katika gari la kisasa vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza, injini haingurumi, na 100 inafanana na 60 ya gari aliloendesha baba yako. Utulivu huo wote ni wa waliomo ndani. Nje yupo mwendesha baiskeli mwenye gunia la mkaa, bodaboda aliyebeba watu wawili na godoro, na mama aliyepanga samaki hatua mbili kutoka kwenye lami. Hawana mfuko wa hewa. Watu wanaotaja uimara wa gari lao, na wenye Harrier hupenda kuutaja, wanazungumzia nusu ya ajali tu.

Makofia ndipo njia inapogawanyika: kulia mjini Bagamoyo, kushoto kilomita 64 hadi Msata kwenye barabara kuu ya Chalinze na Segera. Tangu ilipowekwa lami, barabara ya Msata imekuwa mlango wa nyuma wa wanaokwenda Tanga, Moshi na Arusha bila kusota kwenye foleni za Kibaha. Imenyooka, mashamba na mapori pande zote, na inashawishi. Hapa shida ni kulipita gari la mbele. Chukua semitrela linalokwenda 60, wewe uko 80. Ili utoke nyuma yake kwa nafasi salama na urudi mbele yake kwa nafasi salama unahitaji kulipata kwa mita 60 hivi, na kwa tofauti ya kilomita 20 kwa saa hiyo ni sekunde 11. Katika sekunde hizo unasafiri karibu mita 250. Anayekuja mbele kwa 80 naye anasafiri 250. Kwa hiyo unahitaji nusu kilomita iliyo wazi kabisa, nusu kilomita unayoiona kwa macho, na kwenye miinuko midogo ya huku huioni. Gari dogo lililojaa watu na mizigo huchukua muda zaidi.

Madereva wa malori wana lugha yao ya indiketa. Akiwasha ya kushoto nyuma yake huwa anakuambia pita, akiwasha ya kulia anakuambia subiri. Ni ukarimu wa kweli na umewasaidia wengi, ila haufai kuwa macho yako. Indiketa ya kulia inaweza pia kumaanisha anakata kulia kwenda shambani, na ya kushoto kwamba anaegesha. Ya kulia itii kila mara. Ya kushoto ichukue kama maoni ya mtu, kisha jitazamie mwenyewe.

Kiwangwa mananasi hupangwa pembeni mwa barabara kwa mafungu, matamu na ya bei nafuu, na magari huyaona kwa kuchelewa. Mtu anakanyaga breki ghafla, anaegesha mkia ukiwa bado juu ya lami, abiria wanateremka upande wa barabara. Ukitaka mananasi, washa indiketa mapema na uondoke kwenye lami kwa magurudumu yote manne, umwache anayekufuata apite. Usipotaka mananasi, jua kwamba wa mbele yako huenda anayataka. Jioni ongeza tatizo la jua: barabara hii inaelekea magharibi, na kuanzia saa kumi na moja jua hukaa kwenye kioo cha mbele. Kioo chenye vumbi na mikwaruzo ya waipa zilizokauka hugeuka pazia jeupe. Waipa mpya ni bei ya chakula cha mchana.

Mvua za masika zina kanuni zake. Dakika za kwanza ndizo zenye utelezi mkubwa, hasa karibu na Wazo ambako malori ya saruji, mchanga na kokoto humwaga vumbi lililochanganyika na mafuta. Maji yakituama, tairi lisilo na mifereji hupanda juu yake na usukani ukawa mwepesi ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki, litashuka lenyewe. Boko na Basihaya hujaa maji mvua ikizidi, na kila mara kuna gari refu litakalopita na kuwapa wengine moyo. Maji yanayotembea ya sentimita 30 yanatosha kulisukuma gari dogo, 60 huyabeba hata hayo marefu. Zaidi ya hapo, magari mengi ya sasa huvuta hewa ya injini kwa mdomo ulio chini, nyuma ya taa. Injini hubana hewa. Maji hayabanwi, na yakiingia kwenye silinda vyuma vinavyoshika pistoni hupinda, safari ikaishia kwa wauza vipuri wa Gerezani kutafuta injini nyingine. Gari likizima ndani ya maji, usijaribu kuliwasha.

Jumapili jioni hali hubadilika, maana Dar yote iliyokwenda kuogelea na kula nyama choma inarudi kwa pamoja. Kiwango cha kisheria ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, na kwa dereva wa biashara ni sifuri. Mimi ningeshauri sifuri kwa wote kwenye barabara hii, kwa sababu wanaotembea pembeni mwake usiku nao baadhi yao wametoka kunywa, na lazima mmoja awe mzima. Taa ndogo humulika mita 40 hadi 60. Rudi kwenye hesabu ya juu utaona kwamba anayekwenda 100 kwa taa hizo anaendesha ndani ya giza. Vioo vya taa vya plastiki hufifia na kuwa vya manjano kwa jua, navyo husuguliwa kwa gharama ndogo. Balbu za LED za kuchomeka tu, zinazouzwa kwenye foleni, hutawanya mwanga kwenye taa isiyotengenezewa balbu hizo: mwenye gari anaona weupe na kudhani anaona mbali, anayekuja mbele haoni kitu. Akikupofusha mtu, tazama ukingo wa kushoto wa lami na upunguze mwendo, usimlipize kwa fulu.

Gari likikuharibikia, litoe lote nje ya lami hata kama rimu itaumia. Washa taa za hazadi, teremsha watu kwa mlango wa kushoto na uwapeleke mbali, wasikae nyuma ya gari kwenye kivuli chake. Kama kuna aliyeumia, polisi ni 112 na zimamoto na uokoaji ni 114. Ile pembetatu nyekundu kwenye buti watu huiweka hatua tano nyuma ya gari, ambako haimsaidii yeyote: anayekuja kwa 80 anahitaji mita 57 baada ya kuiona, kwa hiyo tembea hatua 100 ndipo uiweke, na kwenye kona au mwinuko iweke kabla ya kona yenyewe. Asiye na pembetatu hukata matawi na kuyapanga barabarani, desturi ambayo kila dereva wa nchi hii anaisoma bila kufundishwa. Mchana yanatosha. Usiku matawi hayaakisi mwanga, na mwenye pikipiki huyaona akiwa juu yake. Fundi akishamaliza na gari likawaka, kabla ya kupanda rudi nyuma kwa miguu uyatoe yote, hadi lile la mwisho kabisa.